Shajara ya mradi: mihadhara ya wabunifu majengo Tanga, 2025

Jumamosi, 18 Januari

Tumekutana leo kupanga mwaka. Wamekuja wabunifu majengo wenye ofisi Tanga mjini, wenzetu wa Muheza na Korogwe, mkadiriaji majenzi mmoja (mpiga hesabu za gharama za ujenzi), na mhandisi ambaye amekubali kuwa nasi mwaka mzima. Mradi ni huu: mhadhara wa kitaaluma kila mwezi, hapa hapa Tanga, ili watu wa fani yetu waendelee kusoma bila kulazimika kufunga ofisi.

Sababu tunaijua wote. Mtu anahitimu Chuo Kikuu Ardhi, anapitia mafunzo ya vitendo, anasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, anafungua ofisi. Kuanzia hapo anajifunza kile tu ambacho kazi ya wiki hiyo imemdai. Mteja akitaka ukuta wa vioo, ndipo anasoma habari za vioo. Akipata kazi ya zahanati, ndipo anauliza mlango wa kupitisha machela uwe na upana gani. Bodi, inayofanya kazi chini ya Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, inatutaka tujiendeleze, na semina zenyewe ni nzuri. Lakini kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Ofisi yenye mbunifu mmoja na mchoraji mmoja ikimpeleka mmoja semina ya siku mbili, nusu ya ofisi imesafiri.

Na mji hausubiri. Tangu ijulikane kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda litaishia Chongoleani, hapa hapa Tanga, kazi za nyumba za wageni, maghala na nyumba za kupangisha zimekuwa zikitujia zikiwa na haraka ndani yake.

Mazungumzo yalirudi mara kwa mara Kariakoo. Jengo lililoporomoka tarehe 16 Novemba mwaka jana bado liko akilini mwa kila mtu. Waliokuwa kazini mwaka 2013 wanalikumbuka lile la ghorofa 16 la Mtaa wa Indira Gandhi, lililoua watu 36 asubuhi ya Ijumaa Kuu. Baada ya mambo kama haya watu hutafuta wa kulaumiwa, na ni haki yao. Sisi tulioko ndani ya fani tuna swali la ziada: kama ningekuwa napita pale wiki moja kabla, ningeona nini, na ningejua kwamba nimekiona?

Nimewaletea mfano wa wenzetu wa nje. RIBA, taasisi ya wabunifu majengo ya Uingereza, inamtaka mwanachama wake asome saa 35 kwa mwaka. AIA, taasisi ya wabunifu majengo ya Marekani, inataka yuniti 18 za mafunzo, na 12 kati ya hizo lazima zihusu afya, usalama na ustawi wa watu. Huo uwiano ndio uliotugusa. Tumekubaliana nasi tuufuate: theluthi mbili ya mihadhara iguse moja kwa moja uhai na afya ya watakaokaa ndani ya majengo. Programu, mikataba na mengineyo vigawane theluthi iliyobaki.

Jambo moja limetushinda leo: mafundi waalikwe au la. Wengine wanasema haya ni mafunzo ya waliosajiliwa, na fundi atachoshwa na lugha yetu. Mimi nasema fundi asipokuwepo tutafundishana habari za ukuta huku anayeujenga yuko nje. Uamuzi umeahirishwa.

Jumamosi, 8 Februari

Mhadhara wa kwanza: zege na usimamizi wa saiti. Ukumbi wa kuazima, projekta, feni mbili, na watu wameenea hadi viti vya nyuma. Mhandisi amefundisha kwa utulivu na kwa mpangilio. Amekaa sana kwenye uhusiano wa maji na saruji, kwa sababu humo ndimo nguvu ya zege inamopotelea. Saruji inahitaji maji kiasi fulani ili ishike. Yanayozidi hapo hayafanyi kazi yoyote. Yanakaa ndani ya zege, kisha yanakauka na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana. Zege linakuwa limeganda, linapendeza kwa macho, lakini ni dhaifu, na karibu na bahari vitundu hivyo ndivyo njia ya chumvi kufikia nondo.

Maswali mengi yalikuwa ya mezani: nani anasaini, nani anawajibika mkandarasi akibadilisha nondo za milimita 16 akaweka za 12. Ni maswali ya maana, na tutayatafutia mwanasheria. Ila mwenzetu mmoja kijana aliuliza swali ambalo lilinyamazisha ukumbi: zege lenye maji mengi linaonekanaje? Ikatafutwa picha, ikaonyeshwa ukutani. Tukaitazama. Picha ya zege bichi ni picha ya tope la kijivu, na tope la kijivu lenye maji mengi halina tofauti na lenye maji ya kutosha.

Hapo hapo tumepanga kwenda saiti.

Jumamosi, 22 Februari

Nyumba ya ghorofa moja, Ngamiani, siku ya kupiga zege la jamvi la juu, yaani sakafu ya ghorofa. Mwenye nyumba alikubali tufike mapema kabla ya kazi kuanza. Mafundi walikuwa wenyeji wetu, kwa hiyo lile suala la kuwaalika au kutowaalika limejimaliza lenyewe.

Tulipima kama zege lina maji mengi, kwa kuangalia linashuka kiasi gani; naandika hatua kwa hatua kwa ajili ya ambao hawakuja. Koni ya chuma ina urefu wa milimita 300, chini kipenyo milimita 200, juu 100. Inasimamishwa juu ya bati lililolowanishwa, mtu anaikanyagia pembeni isihame. Zege linajazwa kwa tabaka tatu, kila tabaka linashindiliwa kwa nondo mara 25. Juu linasawazishwa. Kisha koni inanyanyuliwa wima, taratibu, bila kuizungusha, inawekwa kando ya zege, na unapima zege limeshuka kiasi gani kutoka urefu wa koni.

Zege la kwanza lililotoka kwenye mashine lilishuka mpaka likatawanyika juu ya bati. La pili mhandisi alilisimamia mwenyewe, akapima maji kwa ndoo yenye alama, nalo likashuka milimita 70 tu na kubaki limesimama. Tuliyashika yote mawili kwa mikono. La kwanza lilipita katikati ya vidole, likaacha kokoto kiganjani. La pili lilibaki limeshikamana. Baada ya dakika hizo chache, hakuna aliyehitaji tena kuulizia picha.

Kilichonifurahisha zaidi kimetoka kwa fundi mkuu. Mhandisi alimuuliza kwa heshima, "Fundi, kwa nini maji yanaongezwa?" Naye akajibu bila kuzunguka. Zege linapandishwa kwa ndoo, mkono kwa mkono, hadi ghorofani. Kufika saa nne jua limeshalikausha, halimwagiki, halisukumiki. Vijana wanaumia. Wanaongeza maji ili kazi iende.

Kwa miaka yote nimekuwa nikisikia mafundi wakikaripiwa kwa maji, na sijawahi kusikia mtu akiuliza swali hilo. Na jibu likishajulikana, dawa inapatikana: kazi ianze alfajiri, kokoto zifunikwe na kunyunyiziwa maji tangu jana yake, zege lichanganywe kidogo kidogo karibu na linapokwenda. Haya ni mambo ambayo mbunifu anaweza kuyaandika kwenye maelekezo ya kazi, na mkadiriaji akayawekea bei. Yakishakuwa na bei, fundi halazimiki kuchagua kati ya mgongo wa kijana wake na nguvu ya jamvi.

Tumechukua pia sampuli za zege, zikiwa tofali za kupimia nguvu, milimita 150 kila upande, zitakazovunjwa maabara siku ya 7 na siku ya 28. Na kabla ya kuondoka tumekagua biskuti, vile vipande vya zege vinavyoinua nondo zisilale kwenye mbao. Sehemu tatu za jamvi hazikuwa nazo. Zimewekwa tukiwa tumesimama pale.

Machi

Ramadhani imeingia na mwezi huu. Mihadhara ya jioni imesimama; watu wana futari na tarawehe, na hakuna sababu ya kushindana navyo. Tumefanya kikao kifupi tu, Jumamosi asubuhi, kuhusu waliotutangulia.

Tumesoma kazi ya Beda Amuli, mmoja wa Watanzania wa kwanza kabisa kuwa wabunifu majengo, na soko lake la Kariakoo la miaka ya 1970: miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo, kivuli kikubwa, pembeni kuko wazi hewa ipite. Moto wa Julai 2021 uliliunguza soko hilo, na ndiyo maana nilitaka tulizungumze sasa, wakati bado kuna watu wanaoweza kutueleza lilivyofanya kazi siku ya jua kali na siku ya mvua. Tumesoma pia Anthony Almeida, aliyezaliwa Dar es Salaam, akasomea Bombay, kisha akarudi kuijenga Dar es Salaam kwa mistari safi na vivuli vilivyopimwa. Wapo kati yetu waliohitimu wakiwajua mabingwa wa Ulaya kwa majina na kwa miaka, na leo wamekutana na Almeida kwa mara ya kwanza. Nitaendelea kulipigania somo hili liwepo kila mwaka.

Jumamosi, 12 Aprili

Programu za kuchora jengo zima kama kitu kimoja, ambamo bomba la majitaka likigonga boriti kompyuta inakuonya kabla fundi hajaanza kutindua. Mahudhurio makubwa kuliko yote mpaka sasa. Somo zuri, mtoa mada hodari. Ila karibu yote aliyoyafundisha yanapatikana kwenye intaneti kwa mwenye bando na subira, na mikutano yetu ya ana kwa ana ni michache. Napendekeza somo hili lihamie kwenye video, Jumamosi zetu zibaki kwa vitu vinavyotaka mikono.

Jumamosi, 17 Mei

Tongoni, kusini mwa mji. Nilichagua mwezi huu makusudi, masika ikiwa bado haijaisha, kwa sababu leo tulikuwa na somo la chokaa na unyevu, na unyevu husomwa vizuri ukuta ukiwa umelowa.

Tumepokewa na mlinzi wa magofu, tukapewa masharti: hakuna kugusa, hakuna kupanda. Msikiti na makaburi ya nguzo ya Tongoni ni ya karne nyingi zilizopita, na yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, bila punje ya saruji. Nguzo nyingi zimeanguka. Lakini palipobaki lipu, imebaki imeshika jiwe lake, na ukiitazama kwa karibu unaona vipande vidogo vya mkaa ndani yake, vilivyotoka kwenye tanuri la kuchomea mawe.

Mwalimu wa leo ni mzee wa Pangani, fundi wa lipu za chokaa tangu ujana wake. Wabunifu waliosajiliwa, wengine na shahada ya pili, wamemwamkia shikamoo mzee na kukaa chini ya mti kumsikiliza. Mimi nilikuwa mwandishi wa kumbukumbu, na nitajaribu kuyapanga aliyoyasema pamoja na nyongeza za mhandisi wetu.

Jiwe la chokaa likichomwa kwa moto wa nyuzi kama 900 linapoteza hewa ya ukaa iliyomo ndani yake na kubaki chokaa kali. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji inachemka yenyewe. Mzee alituonyesha kwenye karai, akatusogeza nyuma, akatuvalisha miwani ya kazi, kisha akamwaga maji kidogo kidogo. Mvuke ulipanda na karai likawa halishikiki. Chokaa ikishazimwa inaachwa chini ya maji iive, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Ikichanganywa na mchanga, sehemu moja kwa tatu, na kupakwa ukutani, inaanza safari ya kurudi: inavuta hewa ya ukaa kutoka angani na kuwa jiwe tena. Safari hiyo ni ya polepole. Ndiyo maana lipu ya chokaa hupakwa tabaka jembamba moja baada ya jingine, na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa isikauke kwa haraka ikapasuka.

Kisha tulirudi mjini kwenye nyumba ya zamani ya mawe ambayo mwenye nyumba aliikarabati kwa lipu ya saruji. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyapumua nje kupitia lipu. Lipu ya saruji ni ngumu na imeziba. Maji hayapati pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na chumvi iliyomo inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Mzee aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akaanzia chini akipanda. Kimo cha kiuno mlio ukabadilika, ukawa wa kitu chenye uwazi nyuma yake. Alitwambia tugonge sisi pia, mmoja mmoja. Kisha kwa ruhusa ya mwenye nyumba alitoa kipande kilichokuwa kimeshaachia, na nyuma yake uso wa jiwe ulikuwa umegeuka unga. Lipu iliyowekwa kulinda ukuta ndiyo iliyoula.

Wakati tunakula, mjadala ulihamia Zanzibar. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Beit el-Ajaib, jengo la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Majengo ya aina hiyo yanahitaji watu wanaojua chokaa kwa mikono, na wanaoweza kuandika maelekezo ya kazi yanayomruhusu fundi kuitumia inavyotakiwa. Pangani kuna nyumba za namna hii, Bagamoyo zipo, Kilwa zipo. Mbunifu asiyejua chokaa, akipewa nyumba kama hizo, ataandika saruji kwa sababu ndiyo anayoijua.

Swali la mazingira liliulizwa, na ni la haki: hatutaki matumbawe yavunjwe baharini. Jibu ni kwamba hayahitajiki. Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ndani ya mawe hayohayo.

Mzee amekubali kufundisha vijana wawili wa ofisi zetu kwa wiki moja, kwa malipo. Tumechanga papo hapo. Naona hili ndilo jambo kubwa tulilofanya mwaka huu.

Jumamosi, 21 Juni

Siku ambayo jua linafika mbali kabisa kaskazini. Nilikuwa naisubiri tangu Januari.

Tulikutana kwenye uwanja wa shule moja ya msingi iliyotukubalia kutumia madarasa. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na saa zetu za Afrika Mashariki zimewekwa kwa longitudo iliyoko mashariki yetu, kwa hiyo adhuhuri ya kweli haikuwa saa sita kamili. Jua lilifika juu kabisa saa sita na dakika 25 mchana. Tulisimamisha fimbo ya mita moja kwa timazi. Kivuli kilikuwa sentimita 54, kimeelekea kusini. Hesabu ya vitabuni inatoa kimo cha jua cha nyuzi 61 na nusu, na fimbo yetu ikasema vivyo hivyo.

Kutoka hapo kila mmoja alifanya hesabu yake. Dirisha la upande wa kaskazini lenye kimo cha mita moja na nusu linahitaji upenu uliochomoza sentimita 81 ili adhuhuri ya leo jua lisiguse kioo. Desemba jua likiwa kusini linapanda zaidi, nyuzi kama 71 na nusu, kwa hiyo dirisha kama hilo upande wa kusini linatosheka na sentimita 50. Halafu tukauliza la magharibi. Mwezi Machi, saa kumi na nusu jioni, jua liko nyuzi 30 tu juu ya upeo. Dirisha lilelile lingehitaji upenu wa mita 2.6. Hakuna mtu anayejenga hivyo. Magharibi na mashariki panahitaji baraza pana, mti, ukuta wa tofali za matundu, au dirisha lisiwepo kabisa.

Wapo waliosema hili tulifundishwa mwaka wa pili chuoni. Ni kweli tulifundishwa. Lakini nikawaomba wenzangu wafungue ramani walizotoa mwaka huu, na humo tuliona vyumba vya kulala vinavyotazama magharibi na upenu wa sentimita 45 kuzunguka nyumba yote, pande zote nne sawa. Mteja wa nyumba hiyo atanunua kiyoyozi, na atakilipia kila mwezi kwa muda wote atakaoishi humo. Uamuzi wetu wa dakika chache mezani unamfuata kwenye luku.

Sehemu ya pili ilikuwa upepo. Juni ni kusi, na kusi inatoka kusini. Kaskazi ya Desemba hadi Februari inatoka kaskazini mashariki. Yaani nyumba iliyonyooshwa mashariki-magharibi, madirisha yake yakiwa kaskazini na kusini, inalikwepa jua baya na inaupokea upepo wa misimu yote miwili. Pwani hii imepewa zawadi hiyo, na kiwanja kikiruhusu sioni sababu ya kuikataa.

Tuliwasha udi ndani ya darasa ili tuuone upepo. Madirisha ya upande mmoja yakiwa wazi na ya pili yamefungwa, moshi uliingia, ukajizungusha juu ya madawati, ukakaa. Yalipofunguliwa ya upande wa pili ulinyooka na kutoka kwa sekunde chache. Kisha tukajaribu darasa jipya lenye madirisha ya alumini ya kusukuma. Moshi ulipita, lakini kwa uvivu, na sababu ilikuwa mbele ya macho yetu: dirisha la kusukuma hata likifunguliwa lote, nusu yake inabaki kioo. Mwalimu wa darasa hilo, aliyekuwa akituangalia kutoka mlangoni, alisema watoto wa mwisho kule nyuma husinzia kila siku baada ya saa tano. Hakuhudhuria mhadhara wowote wa wabunifu majengo na alikuwa ameshatoa matokeo ya utafiti wetu.

Tumemwahidi mchoro wa bure wa kubadilisha madirisha hayo. Mimi na mwenzangu wa Muheza tunaushughulikia.

Jumamosi, 19 Julai

Njia za watu wenye ulemavu. Sheria Na. 9 ya 2010 ipo, na kila mmoja wetu huchora mtelemko wa kiti cha magurudumu kwenye ramani. Leo tulitembea na bibi mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, aliyejitolea kutufundisha, tukaingia naye kwenye majengo ya huduma yaliyo wazi kwa umma. Yeye ndiye aliyekuwa mtoa mada.

Uwiano tunaoutumia ni moja kwa kumi na mbili. Sakafu iliyoinuka sentimita 45 inataka mtelemko wa mita 5.4, na hapo bado hujaweka nafasi ya kugeukia juu na chini. Kwenye ramani nyingi mtelemko wa mita mbili umebandikwa mwishoni, baada ya ngazi kuchorwa, pale palipobaki nafasi. Bibi alitwambia mtelemko mkali kiasi hicho ni bora usiwepo, kwa sababu ukiwepo watu hudhani anaweza kuutumia, na wanamwacha. Tulishuhudia pia choo chenye alama nzuri mlangoni, mlango unaofungukia ndani, na kiti kikishaingia mlango haufungiki tena. Tuligundua kwamba mlango uleule ukifungwa bawaba upande wa nje, choo kinafaa. Gharama yake ni bawaba na nusu siku ya fundi seremala.

Nimeandika kwenye orodha yetu ya ukaguzi wa ramani, kuanzia leo: mtelemko uchorwe kabla ya ngazi.

Agosti

Mwezi wa makaratasi. Tumepanga rekodi za mahudhurio, wasifu wa watoa mada na muhtasari wa kila somo, ili maombi yetu kwa Bodi ya kutambuliwa kwa alama za kujiendeleza kitaaluma yawe kamili. Alama zina umuhimu wake. Zinamfanya mwajiri amruhusu kijana wake Jumamosi. Mkadiriaji wetu ametoa somo la kuandika maelekezo ya kazi ya zege na chokaa yenye vipengele vinavyoweza kuwekewa bei, na nakala yake imetumwa kwa kila ofisi. Fedha: michango ya wanachama imetosha usafiri na chakula. Ukumbi hatuutumii tena sana, kwa hiyo hilo ni punguzo.

Jumamosi, 13 Septemba

Tathmini ya waandaaji. Majibu ya maabara ya zile sampuli za Februari yameshasomwa kwa wote: zege lililopimwa maji lilifikia nguvu iliyotakiwa siku ya 28, lile la kwanza halikufika. Fundi mkuu wa saiti ile ameomba nakala, na ameibandika kwenye stoo yake ya vifaa. Ameleta pia jina la fundi mwenzake anayetaka tufike saiti kwake. Kwa hiyo uamuzi ulioahirishwa Januari sasa umeandikwa rasmi: kila mhadhara unaohusu ujenzi utakuwa na mafundi, watakaa nasi, wataulizwa na watauliza.

Vijana wawili waliosoma kwa mzee wa Pangani wamepaka lipu ya chokaa kwenye ukuta wa uani wa nyumba ile ya zamani, mita chache tu kwa majaribio. Tutaugonga baada ya vuli.

Mchoro wa madirisha ya shule uko tayari: fremu za mbao, vipande vinavyofunguka vyote kwa nje, na tofali za matundu chini ya dari upande wa pili. Kamati ya shule imeupokea. Mwenye karakana ya useremala wa Barabara ya 12 amekadiria gharama za darasa moja, na tutaanza na lile ambalo watoto wa nyuma husinzia.

Yaliyobaki mwaka huu: mwanasheria wa mikataba, moto na njia za kutokea, na jua la Desemba. Tarehe 21 inaangukia Jumapili, kwa hiyo tutapima Jumamosi ya tarehe 20. Kwa fimbo ya mita moja tofauti ya siku hizo mbili haionekani. Tukutane uwanja uleule wa shule kabla ya saa sita na dakika 20 mchana. Kivuli safari hii kitaelekea kaskazini, na hesabu inasema kitakuwa sentimita 33. Kila mtu aje na ramani moja anayoifanyia kazi, ambayo bado haijapelekwa kuombewa kibali.